Watu Wangu Hawahami

Tangu nizaliwe sikuwahi kuwaona baba yangu na Mzee Nkwabi wakipita mlango mmoja. Kwa hiyo asubuhi ile nilipochungulia dirishani nikawaona wanakuja ofisini kwangu, mmoja mbele mwingine nyuma, kila mtu na kigoda chake mkononi na barakoa usoni, nilidhani kuna mtu amekufa.

"Mwangaluka, mayu," baba alisema kutoka mlangoni, kana kwamba hatukuwa tumeamkiana nyumbani alfajiri ileile.

"Mwangaluka, baba. Kuna nini?"

"Hatukuja kwa Milembe binti yangu. Tumekuja kwa mpimaji wa kata."

Mzee Nkwabi alijikohoza ili naye apate nafasi ya kusema, halafu akakumbuka kwamba siku hizi mtu hajikohozi ndani ya ofisi ya watu, akainua mkono kuomba radhi. Wakaweka vigoda vyao juu ya alama za njano sakafuni, baba pembe hii, Nkwabi pembe ile, dirisha likiwa wazi katikati yao. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini Ukavu ulikuwa umewatia adabu hata mafahali. Ugonjwa unaoingia kwa pumzi ya jirani, ukakuacha unavuta hewa kama mtu anayenyonya soda kwa mrija ulioziba, haumjui manju wala msindikizaji wake.

Na hawa walikuwa manju wote wawili, viongozi wa ngoma. Baba, Gamba Luhende, alikuwa manju wa Wagika. Nkwabi alikuwa manju wa Wagalu. Usukumani ngoma ina pande hizo mbili, na mtu huufuata upande wake kama anavyofuata ukoo.

"Sema wewe," baba akamwambia mwenzake.

"Sema wewe. Ofisi ni ya mwanao."

"Ndiyo maana nakwambia useme wewe."

Nkwabi akasema. Walitaka uwanja. Alasiri moja tu, baada ya mavuno ya mpunga, Wagika kaskazini na Wagalu kusini kama zamani. Misimu mitatu ilikuwa imepita bila ngoma ya mashindano kupigwa hapa Mwagulanja. Watoto wanaanza shule hawajawahi kuisikia, alisema, na juzi mjukuu wake alimwuliza kama manju ni aina ya mboga.

Nilitaka kucheka. Nikayaona macho ya baba juu ya barakoa, nikaacha.

Nikaiamsha Mizani. Ni kisanduku cheupe ukutani chenye jicho dogo la kioo na sauti ya kike, sauti ya mtu aliyekula akashiba. Wazee waliivulia kofia. Kila kata inayo moja. Inapokea upepo kutoka kwenye mlingoti ulio juu ya paa, idadi ya wagonjwa kutoka zahanati, na rangi za shanga shingoni mwa watu, kisha inasema kila jambo la nje litamgharimu mtu kiasi gani cha mgao wake wa wiki wa kukaribiana na watu. Soko linakula mgao. Ibada inakula mgao. Mazishi yanakula karibu wote. Kinachobaki ndicho cha burudani, na kwa watu wengi hakibaki kitu, ndiyo maana vijana wetu wanacheza mpira kwa zamu na golikipa anashangilia peke yake.

"Taja aina ya burudani," Mizani ilisema, ikaorodhesha ilizozijua: kukimbia, kuogelea, baiskeli, kupanda mlima, gofu. Gofu ilikuwemo. Katika wilaya yetu simjui mtu mwenye fimbo ya gofu, lakini angetokea, Mizani ingemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Ngoma haikuwemo. Nikachagua "mkusanyiko wa wazi, mengineyo", kama nilivyozoea kufanya kwa karibu kila kitu tunachokipenda.

Ikauliza ukubwa wa uwanja. Ikauliza kama kutakuwa na kuimba, na nani ataimba, na atasimama umbali gani na watu. Wazee walikuwa wamejiandaa. Waimbaji watakaa ndani ya duara la majivu, watazamaji watabaki nyuma ya kamba, barakoa kwa wote, na alasiri hapa kwetu upepo wa ziwa haukosi. Yote yalikuwa ya kweli na ya busara. Taa ya Mizani ilikuwa inaelekea kijani.

"Swali la mwisho. Je, watazamaji watahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine?"

Baba aliinuka kigodani kama aliyetukanwa. "Watu wangu? Wahame waende wapi?"

"Wangu hawajawahi kuhama," Nkwabi alisema. "Iambie hivyo. Hawahami."

"Wangu ndio kabisa. Andika."

"Nimepokea," ilisema Mizani. "Watazamaji hawahami." Taa ikawa kijani kibichi, na wazee wawili wakaitazama kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoliona tatizo. Ngoma yetu haina majaji. Manju wawili hucheza wakati mmoja, kila mtu na kundi lake, kila mtu upande wake wa uwanja, na watu ndio wanaoamua kwa miguu. Anayewafurahisha humkimbilia. Mwenzake akivumbua wimbo mkali zaidi, au akirusha jembe likazunguka hewani akalidaka kwa mgongo, umati wote unang'oka na kumiminika kule, wakubwa kwa wadogo, wanasukumana hadi kifua kinagusa mgongo. Atakayebaki na uwanja mtupu ndiye aliyeshindwa. Kuhama kwa watu ndiyo ngoma yenyewe.

Lakini hakuna manju chini ya jua atakayekubali mbele ya mpinzani wake kwamba watu wake wanaweza kumhama. Kulitamka ni kuliita. Bora atukane ukoo wake. Kwa hiyo wazee wangu hawakudanganya, walijibu kama manju anavyopaswa kujibu, na Mizani haikuwa na sikio la kusikia jibu la namna hiyo.

Wakabeba vigoda vyao. Mlangoni walisimama kidogo, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa ubishi, hadi nikawaambia watoke kwa umri.

"Kibali kinangoja kidole chako," Mizani iliniambia walipoondoka. Sikukiweka.

* * *

Alasiri nilimkuta baba nyuma ya nyumba anatwanga kwenye kinu kidogo. Nilijua ni nini kabla sijauliza. Manju hupaka dawa ya mvuto usoni kabla ya ngoma, ili macho ya watu yasiweze kumwacha.

"Dunia nzima inatafuta dawa ya kuwatenganisha watu," nikamwambia, "na wewe unatwanga ya kuwavuta."

"Kila mganga na mizizi yake," akajibu, akaendelea kutwanga.

Nikakaa kwenye jiwe, mbali naye kwa kipimo kile tulichokwisha kukizoea. Alikuwa amekonda. Tangu ngoma zisimame alikuwa anaamka, anakamua ng'ombe, anakaa. Jirani mmoja aliwahi kumkuta zizini anacheza mbele ya ng'ombe, ng'ombe wametulia wanacheua, akaja kunisimulia huku akicheka. Sikumchekea. Kuna siku nami nilisimama katikati ya ule uwanja mtupu nikafumba macho, nikajaribu kukumbuka joto la mabega ya watu pande zote mbili za mwili wangu. Nililikumbuka, na nikaona aibu jinsi nilivyolitamani, mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wasogee mbali.

"Baba, unajua watu watahama."

"Watakuja kwangu."

"Wakija kwako wote, pale mbele yako patakuwa kama chumba kilichofungwa madirisha."

"Ni uwanjani, Milembe. Juu ni mbingu."

Nikavua ushanga wangu nikauweka kiganjani aone. Nilimweleza vile ninavyowaeleza watu sokoni. Ushanga hauoni ugonjwa. Unaona pumzi. Kila mtu anayetoa hewa anaiacha na alama ya kifua chake, na ushanga unapima ni kiasi gani cha hewa unayovuta wewe kimeshapita ndani ya wenzako. Kijani, unavuta hewa ya Mungu. Njano, mnagawana. Nyekundu, unavuta watu. Nje ni salama kuliko ndani kwa sababu upepo unachukua zile pumzi na kwenda nazo, lakini upepo haupenyi katikati ya watu waliobanana, na watu wanaopiga vigelegele wanatoa pumzi mara nyingi kuliko waliokaa kimya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Baba ni msikivu, ndiyo maana nyimbo zake zilikuwa nzuri.

"Unamkumbuka mama yako kwenye ngoma?" akauliza.

Nani angemsahau? Mama yangu, Kwandu, mke wa manju wa Wagika, alisimama mstari wa mbele kabisa akiwa amevaa kitenge alichonunuliwa na mumewe. Na Nkwabi akiimba vizuri zaidi, mama alinishika mkono tukakimbia. Tulikimbia kweli, vumbi hadi magotini, mbele ya ukoo mzima, tukaenda kumshangilia adui. Nyumbani baba alinuna siku kadhaa. Mama aliendelea kupika na kuimba wimbo wa Nkwabi jikoni. "Ngoma haina ndoa," alisema.

"Watu walidhani nashindana na Nkwabi," baba alisema. "Nilikuwa nashindana na miguu ya mama yako. Kila msimu nilikaa natunga, najiuliza, hapa Kwandu atakimbia au atabaki?" Aliuacha mchi. "Tulimzika wachache kama tunaoficha kitu. Mimi manju, sikumwimbia mke wangu. Ulinikataza."

"Nilikukataza, baba."

"Sikulaumu. Hesabu yako ilikuwa sawa. Lakini nakuuliza, mayu, hiyo Mizani yako inapima pumzi. Huku kukaa kunapimwa na nani?"

Nilimpenda sana baba yangu wakati ule, na ningeweza kuinuka palepale nikaenda kukiweka kidole.

* * *

Kesho yake nilifunga mlango wa ofisi, nikairudisha Mizani kwenye swali la mwisho. Nikatamka: watahama.

Ukutani ikachora uwanja na watu wake, nukta ndogondogo za kijani zilizosimama makundi mawili. Zikaanza kutembea. Zilipofika upande mmoja zilikuwa njano, na katikati ya lile bonge zilikuwa nyekundu. Nikaijaribu na upepo mkali zaidi, nikaijaribu na watu pungufu, nikaijaribu na muda mfupi. Nyekundu ilipungua, haikuisha.

"Nipe namna ya kuifanya," nikasema.

"Punguza mvuto wa washiriki."

"Fafanua."

"Washiriki wasivutie watazamaji kiasi cha kuwahamisha."

Yaani manju acheze vibaya. Kisanduku kilichojaa gofu kilikuwa kinamshauri Gamba Luhende acheze vibaya. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika.

Nilikaa pale nikapima. Kosa halikuwa langu. Ningeweza kuliacha jibu la wazee lilivyo. Ni wao walioapa, mimi ni nani hata niwakane? Watu wangepata alasiri yao. Pengine upepo ungekuwa mkali na hakuna ambaye angeugua, na kama kungekuwa na wagonjwa, nani angejua ni wa ngoma, si wa soko? Lakini ninawajua wanaokimbia mbele. Ni wale akina mama wazee wa rika la mama yangu, wenye vifua vilivyokwisha kuguswa na Ukavu mara moja, walioshindwa kila kitu isipokuwa kupenda ngoma. Ningekuwa nimewafungulia mlango huku nikijua kilichopo nyuma yake. Na upande wa pili wa mizani ilikuwa misimu mingine ya kukaa, na baba na ng'ombe wake, na watoto wanaodhani manju ni mboga. Mkono wangu uliinuka kuelekea kwenye kioo mara mbili. Mara zote mbili niliurudisha, na nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na mama kwa kukimbia kwake.

Mwishowe nikauliza swali jingine. Je, watu wakihama, lakini wakagawanyika, kila upande usizidi sana nusu?

Mizani ilifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyozoea. Taa ikawa njano. Inaruhusiwa kwa masharti, ilisema. Mpimaji awepo uwanjani na king'ora. Upande mmoja ukijaa mno na shanga zikifika nyekundu, king'ora kipigwe, watu watawanyike, na mikusanyiko yote ya wazi ifungwe wilaya nzima hadi msimu ujao.

Nikawaita wazee, safari hii uwanjani kwenyewe, nikawaambia bila kuzungukazunguka: ngoma mnaweza kuipata, lakini asishinde mtu.

"Unataka nicheze vibaya," alisema Mzee Nkwabi.

"Nataka usishinde, baba mkubwa."

"Ni kitu kimoja." Alikitazama kigoda chake, akaamua kutokikalia. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, hilo tumelisikia tangu utoto. Sasa niambie wewe uliyesoma, asiyekubali kushinda anaitwaje?"

Baba alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Mimi nilidhani atasema hapana, na sehemu yangu moja ilitamani aseme hapana ili jambo liishe.

"Tucheze," akasema. "Nimechoka kukaa."

"Wewe cheza unavyotaka," Nkwabi akajibu. "Mimi watu wakinijia nitawafukuza? Nitajaribu. Zaidi ya hapo usiniapishe." Akaondoka. Nilikiweka kidole changu juu ya lile jibu la kweli, na neno la Nkwabi ndilo lililokuwa dhamana yangu.

* * *

Siku ya ngoma walikuja kutoka vijiji vyote. Tuliwaingiza kidogokidogo, kila kundi na nafasi yake kwenye kamba. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu zilizonukia sanduku. Wengine walilia hata ngoma haijapigwa, walilia tu kwa kuwaona wenzao kwa wingi, wakafuta macho juu ya barakoa. Nilisimama katikati, king'ora mkononi na kidude cha Mizani sikioni, na Mungu anisamehe, nilisahau kazi yangu kwa muda. Ngoma kubwa ya Wagika ilipopigwa mara ya kwanza niliisikia mbavuni. Nilikuwa na hamu nayo kuliko nilivyojua.

Mwanzoni walicheza kwa adabu. Wimbo huku, wimbo kule. Watu walihama wachachewachache, wakarudi. Shanga zilikuwa kijani, zenye njano hapa na pale. Nilianza kupumua.

Kisha baba akaimba ule aliokuwa ameutunga. Ulikuwa wimbo wa mzaha, kuhusu mtu aliyekaa ndani muda mrefu hadi mbuzi wake wakamsahau wakambwekea kama mbwa. Watu walicheka kicheko kilichokuwa kimewakaa tumboni misimu mitatu. Akauzungusha, akauongezea ubeti, akaruka. Na upande wa Nkwabi ukang'oka. Niliuona unang'oka. Walikuja mbio kama zamani, mama wazee mbele, wameinua vitenge, wanapiga vigelegele, na wakajaa kwa Gamba Luhende hadi kamba ikalegea. Shanga zilianza kugeuka njano mojamoja, kama maembe yanayoiva ndani ya gunia.

"Upande wa kaskazini," Mizani iliniambia sikioni.

Baba alikuwa ameziona. Alisimama na mikono imefunguka, uwanja mzima ukiwa mbele yake. Miaka yote niliyomjua alikuwa akikitafuta kitu kile, na hakuwahi kukipata kwa ukamilifu namna ile, hata siku zake bora. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka. Kisha akauvuruga wimbo. Alirudia ubeti uliokwisha, akasahau neno, akakanyaga mguu usio wake, akajikwaa kama mlevi. Watu walidhani ni utani, wakasubiri. Akauvuruga tena, vibaya zaidi, hadi wapiga ngoma wake wenyewe wakamtazama kwa aibu. Mtu mmoja akapiga mluzi wa dharau. Wakaanza kumhama.

Walimhama wote. Walimiminika kwa Nkwabi, na Nkwabi alipouona uwanja wa Gamba unakuwa mtupu, kitu kilimshika. Sitamlaumu. Mtu aliyengoja umri mzima kuuona ule utupu, utamwambia nini? Alisahau alichoniahidi. Aliimba kama kijana, akawaita wakaribie, wakakaribia, na mimi nikaona nyekundu ya kwanza, halafu ya pili, halafu sikuhesabu tena.

"Piga king'ora," ilisema Mizani.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikikibonyeza, hawa wanapona na ngoma inakufa wilaya nzima. Nikichelewa, ninailipia ngoma kwa roho zao.

"Piga king'ora."

Nikamtazama baba. Alikuwa peke yake mbele ya migongo ya watu. Akaenda kwa kijana wake mmoja, akamnyang'anya jembe. Hakuimba, hakuongeza pumzi yake juu ya pumzi za watu. Alilirusha tu. Jembe likapanda, likazunguka juani, likashuka, na mzee yule ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua hata kukamua alilidaka nyuma ya mabega. Akalirusha tena, juu zaidi. Mama mmoja wa mwisho kabisa aligeuka, akamvuta mwenzake. Wakaja. Wengine wakawafuata. Nilihesabu kwa macho, na walipokaribia nusu, baba akalishusha jembe akalichezea chinichini, kama mtu anayepunguza moto uji usichemke ukamwagika. Nyekundu za kusini zikarudi njano. Nikatoa kidole kitufeni.

Alifanya hivyo hadi jua lilipoegemea. Wakipungua, jembe linapanda. Wakizidi, anajikwaa, anawachosha, anawarudisha. Kuna wakati Nkwabi aliwasimamisha wapiga ngoma wake katikati ya wimbo mzuri, akanywa maji polepole, watu wakamchoka wakatawanyika. Sijui kama alikuwa amechoka au alikuwa ameelewa. Hadi ngoma ya mwisho hapakuwa na upande uliomezwa na mwenzake. Mizani haikusema tena. Wagonjwa, kama watakuwepo, tungewajua baada ya majuma mawili, na hilo hakuna jembe la kulidaka.

* * *

Watu waliondoka kwa makundi kama walivyokuja, wanabishana nani bora, sauti zimewakauka. Mzee Nkwabi alipita mbali na duara letu, kofia mkononi.

"Gamba," aliita. "Leo sijui."

"Hata mimi," baba alimjibu. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, kama mtoto. Nkwabi alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaenda zake.

Nilimfuata baba hadi umbali wetu, nikasimama. Jasho lilikuwa limeosha ile dawa yote usoni mwake.

"Walikuwa wangapi kwangu?" akauliza.

"Nusu, baba. Karibu muda wote, nusu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nao wote," akasema. "Uliona? Kuna mahali nilikuwa nao wote."

"Niliona."

"Niliwataka, Milembe. Usije ukadhani sikuwataka." Na baba yangu akalia, bila kujificha, mzee mzima, katikati ya uwanja.

Kisha akajaribu kuinuka na miguu ikakataa. Nilipiga hatua mbele. Mikono yangu ilishatangulia, ilikuwa imefika nusu ya njia kwake.

"Baki hapo," akasema. "Umetoka kwenye watu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama katikati ya pumzi zao tangu adhuhuri, na ushanga wangu ulikuwa bado una njano. Kipimo kile nilimfundisha mwenyewe. Nikarudisha mguu.

Akaweka kiganja kimoja chini, akapumzika. Akaweka cha pili. Ilimchukua muda, na sikuwa na la kufanya ila kumngoja ainuke.